Amana ya Mwenye Kuipima Nafsi

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimboni California, wanafunzi wa shahada ya kwanza huuandaa wenyewe mkutano wa elimu ya nafsi, na kuwaalika wenzao wa vyuo vingine waje kueleza matokeo ya utafiti wao. Na kila niufikiripo mkutano wa namna hiyo, swali linijialo si la hesabu wala la vipimo, bali ni hili: mja aliyefunuliwa siri ya nafsi ya mwenziwe, ijapokuwa ni jawabu moja tu katika karatasi ya maswali, je, hakubebeshwa amana?

Mimi naamini amebebeshwa, na uzito wake hauko katika kuisitiri siri hiyo tu, bali zaidi katika kutoilazimisha iseme lisilokuwamo. Mwaka 2015 jarida la Science lilitoa habari za watafiti waliorudia majaribio 100 ya elimu hii, ambayo karibu yote hapo awali yalidaiwa kufaulu, na yaliyothibitika tena kwa kipimo cha takwimu yalikuwa takriban asilimia 36. Sidhani kuwa wale waliofanya majaribio hayo hapo kwanza walikuwa waongo. Wengi, naona, walighilibiwa na tamaa ile nyembamba ya kupenda kukiona walichokwisha kukitarajia, nayo ni hila ya nafsi yenyewe.

Kwa hiyo kijana asimamaye mkutanoni kando ya bango la utafiti wake, hadhira ikimsikiliza, akakiri kuwa alichokitafuta hakukiona, huyo kwangu ametoa ushahidi kama utolewao mbele ya kadhi, naye astahiki taadhima ile ile apewayo aliyeona.