Maisha ya Kuomba

Sisi tuliosoma shule Kongo tunalijua neno la Kifaransa «précaire»: maisha yasiyo na uhakika. Asili yake ni Kilatini, kwenye neno la maombi. Kwa Warumi, «precarium» ilikuwa mali, mara nyingi shamba, aliyopewa mtu kwa kuomba. Mwenyewe aliweza kuitwaa tena siku yoyote. Ndivyo tulivyo na viwanja hapa makazini: tunalima, hatumiliki. Je, kuomba ni aibu? Hatudhani. Katika Walawi 25:23 Mungu anawakumbusha Waisraeli, wenye urithi, kwamba ni wageni kwake. Basi hata mwenye hati ya ardhi ameazimwa. Na sisi tuliomwazima mgeni mpya kipande cha shamba, tunamnyang'anyaje mahindi yakianza kuzaa?