Mikono ya Nani? Glavu za Gemu na Baraka ya Yakobo



Swali la juma hili limetoka sebuleni mwetu. Kijana anamwomba baba yake dola 80 anunue glavu. Baba anafikiri ni za baridi, anamwambia dukani zipo za dola 12. Kijana anaeleza kwamba hizi si za kuvaa, ni za kwenye gemu ya kompyuta. Hazishikiki, hazipashi joto, wala hazimsaidii kushinda. Zinapendeza tu. Hapo mazungumzo huishia pabaya: mzazi anasema huo ni upuuzi, kijana anasema hamnielewi, na mlango wa chumba unafungwa.

Je, kutoa pesa halisi kwa pambo lisilo na kazi yoyote ni dhambi, ni ujinga, au ni jambo la mtu binafsi lisilotuhusu? Tulifikirie pamoja, wazazi na vijana, bila haraka. Kama Mkristo acheze gemu ya kupigana kwa bunduki ni swali jingine, nalo litapata juma lake. Leo tuzungumzie glavu.

Tujue kwanza tunachozungumzia

Gemu yenyewe ni Counter-Strike, ya kampuni ya Valve ya hapa Marekani. Watu watano hupambana na watu watano kwa raundi fupi fupi. Mwaka 2013 Valve iliingiza rangi na michoro ya kupamba silaha, ambayo wachezaji huiita skini, yaani ngozi. Novemba 2016 zikaja glavu. Gemu ilipogeuzwa kuwa Counter-Strike 2 mwaka 2023, wachezaji walihamia huko na mapambo yao yote.

Kwa nini glavu? Kwa sababu katika gemu ya namna hii unaona dunia kupitia macho ya mhusika wako. Uso wako huuoni, miguu yako huijali. Kinachoonekana mbele yako muda wote ni mikono miwili na silaha. Ukiuawa kabla ya wenzako, unakaa ukitazama kupitia macho ya mwenzako aliye hai, na hapo unaona mikono yake. Kwa hiyo mikono ndiyo sehemu ya mwili ambayo mchezaji anajiona nayo, na ambayo wenzake humwona nayo.

Zipo za wanamichezo, za madereva, za pikipiki, na vitambaa vya kuzungushia mikono kama vya mabondia. Bei huanzia makumi ya dola na kupanda hadi maelfu.

Pambo peke yake si kosa

Hoja ya kwanza ya mzazi ni kwamba glavu hizi hazina kazi. Ni kweli. Lakini tukisema kila kisicho na kazi ni ubatili, tutajifunga wenyewe. Kitenge cha sare ya harusi hakiifanyi ndoa iwe ndoa zaidi. Kilemba cha mama siku ya Pasaka hakiongezi uzito wa maombi yake. Tunavaa hivyo kwa sababu siku ni kubwa, na watu tutakaokutana nao wanastahili kutuona tumejiandaa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kinasimulia jinsi Mungu alivyomjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi za ufundi wa dhahabu, fedha, mawe na mbao kwa ajili ya hema. Hema ingeweza kusimama bila nakshi. Mungu alitaka nakshi ziwepo.

Tena kijana anayechagua glavu kwa makini anatumia akili. Analinganisha rangi yake na rangi ya kisu alicho nacho. Anatazama mchoro umekaa upande gani wa kiganja. Anajiuliza kama zile zilizochakaa kidogo zinaonekana karibu sawa na zile mpya za bei mara tatu. Mama akichagua kitambaa sokoni hufanya vivyo hivyo, na hakuna anayemwita mpuuzi.

Basi tusianze na hukumu. Tuanze na njia anayopitia kuzipata.

Kununua na kufungua kasha

Njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni kununua glavu kutoka kwa mchezaji mwingine kwenye soko la mtandaoni. Bei inaonekana, unaiona bidhaa, unaamua kuchukua au kuacha. Ya pili ni kufungua kasha. Kasha linahitaji ufunguo, na ufunguo unauzwa dola 2.49. Ukishalipa, vitu vinapita mbele ya macho yako kama gurudumu linalozunguka, kisha kimoja kinasimama. Hicho ndicho chako.

Wazee wetu walikuwa na methali: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwaka 2017 sheria ya China iliwalazimu wenye gemu kutangaza uwezekano wa kupata kila kitu, ndipo dunia ikajua namba za makasha haya. Uwezekano wa kupata kile cha adimu kabisa, yaani kisu au glavu kutegemea kasha, ni asilimia 0.26. Hiyo ni karibu mara 1 katika 385. Karibu mara 80 katika 100 utapata kitu cha daraja la chini kabisa, ambacho mara nyingi hakifiki hata bei ya ufunguo.

Tupige hesabu. Funguo 385 ni takriban dola 960, na hapo makasha yenyewe hatujayahesabu. Hata hivyo hujahakikishiwa chochote. Watu 100 wakifungua makasha 385 kila mmoja, takriban 37 kati yao wataondoka bila glavu hata moja. Gurudumu halikumbuki umeshindwa mara ngapi. Kasha la 386 lina uwezekano uleule wa kasha la kwanza.

Sisi tuliokulia nyumbani tunaujua mchezo huu. Kwenye stendi za mabasi kuna vijana wenye karata tatu na meza ndogo, na jina lake ni pata potea. Mama zetu walitushika mkono wakatuvuta tupite haraka. Tofauti ni kwamba meza ile ilikuwa stendi, na hii iko chumbani kwa mtoto, ina taa nzuri na muziki. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba makasha ya namna hii, yakiwemo ya Counter-Strike, ni kamari chini ya sheria ya nchi hiyo, na wachezaji wa huko wakazuiwa kuyafungua.

Hapa ndipo tunapoona tofauti ya kimaadili. Anayenunua glavu amechagua: amepima uzuri, bei na mfuko wake, na anaweza kueleza uamuzi wake. Anayefungua kasha hachagui glavu. Anachochagua ni kungoja kuchaguliwa, na akikosa, jibu pekee analopewa ni ufunguo mwingine. Jambo hilo linamfundisha kijana kutarajia bila kutenda, na kulipia matarajio hayo. Ndiyo maana tunasema bila kuficha: kununua kunaweza kujadiliwa nyumbani, lakini kasha tuliache.

“Lakini ni akiba, baba”

Wapo vijana wanaosema glavu ni akiba, kwa kuwa bei hupanda. Ni kweli zimewahi kupanda kwa miaka mingi. Lakini Oktoba 2025 Valve ilibadilisha kanuni moja, ikaruhusu wachezaji kubadilisha vitu vitano vya daraja jekundu kwa kisu au glavu. Bei za visu na glavu nyingi zikaporomoka ndani ya siku chache. Hakuna aliyeibiwa. Mwenye gemu aligeuza kanuni ya gemu yake, na ana haki hiyo, kwa sababu kwa mujibu wa mkataba wake mchezaji hununua ruhusa ya kutumia, si mali. Bwana wetu alipotuonya kuhusu hazina za duniani alitaja nondo, kutu na wezi. Hii haihitaji hata nondo.

Kwa hiyo anayenunua na anunue kama mtu anavyonunua tiketi ya mpira: amelipia furaha, na pesa imekwenda. Na apime pesa hiyo kwa kipimo cha nyumbani kwake. Kwa mzazi anayelipwa dola 16 kwa saa, dola 80 ni saa tano za kazi kabla ya kodi. Wengi wetu tunafanya saa hizo tukiwa tumevaa glavu: za plastiki kwenye nyumba za wazee, za mpira kwenye usafi wa hoteli, nene za baridi kwenye maghala na viwanda vya nyama. Glavu za gemu hupewa kiwango cha uchakavu siku zinapotolewa na hazibadiliki tena. Zilizotoka zimechanika hazikuchanwa na kazi yoyote. Za mama huchakaa kweli. Hatusemi haya ili kumwaibisha kijana. Tunasema ili akichagua, achague akijua pesa imetoka kwenye mikono gani.

Ngozi juu ya mikono ya Yakobo

Limebaki swali lililo gumu zaidi: kwa nini anazitaka sana?

Wapendwa, Biblia ina habari ya kijana aliyevaa ngozi mikononi. Iko Mwanzo 27. Isaka amezeeka, macho hayaoni. Yakobo anataka baraka ya kaka yake, na Rebeka anamfunika mikono na shingo kwa ngozi za wana-mbuzi ili afanane na Esau mwenye manyoya. Mzee anasita, kwa maana sauti anayoisikia si ya Esau. Anapapasa mikono, na mwishowe mikono inaishinda sauti. Yakobo anabarikiwa.

Sasa mfikirie kijana wetu. Katika gemu hii wachezaji huongea kwa maikrofoni. Akifungua kinywa, lafudhi inasikika, na wapo wasiokosa la kusema: wewe umetoka wapi, rudi huko. Sauti yake inamtangaza kabla hajafyatua risasi moja. Lakini wenzake wakiona mikono yenye glavu za bei kubwa, baadhi yao hunyamaza. Wanadhani huyu ni mzoefu, huyu ni mwenzetu. Kijana anaweza asijue kulieleza hivyo, lakini inawezekana kabisa kwamba anachoomba kwa zile dola 80 ni heshima.

Kwa kijana wa namna hiyo, kumwambia tu “huo ni upuuzi” ni kumjibu swali ambalo hakuuliza. Kiu yake ni ya kweli. Tunachopaswa kumwonyesha ni mwisho wa habari ya Yakobo. Baraka aliyoipata kwa ngozi za mbuzi ilimfanya akimbie kwao. Alikaa kwa Labani miaka 20, naye akadanganywa huko. Kisha usiku mmoja penye kivuko cha Yaboki, Mwanzo 32, alishindana na mtu hadi alfajiri, akaomba baraka tena. Safari hii aliulizwa jina lake. Baba yake alipotaka kujua yeye ni nani, alijibu kwa jina la kaka yake. Huku Yaboki alijibu kwa jina lake mwenyewe, mikono ikiwa mitupu, na akabarikiwa papo hapo.

Basi kijana anayetaka glavu ajiulize: nikizivua, bado nipo? Kama jibu ni ndiyo, glavu ni pambo tu, kama kitenge, na zitapimwa kwa bei na kiasi. Kama jibu ni hapana, hakuna glavu za dola 80 wala za dola 8,000 zitakazotosha, kwa sababu juma lijalo atatokea mwenye nzuri zaidi.

Na sisi watu wazima tuna sehemu yetu. Kijana yuleyule anayechekwa mtandaoni kwa lafudhi yake ya Kiingereza husimama hapa madhabahuni kusoma somo kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Marekani. Asikutane na kicheko mara ya pili. Aitwe kwa jina lake, ashukuriwe kwa kusoma, asahihishwe pembeni kwa upole. Kama kuna mahali ambapo sauti yake inapokelewa jinsi ilivyo, hamu ya kuificha kwa ngozi ya kununua itapungua yenyewe.

Juma hili, mzazi, kabla ya kukubali au kukataa, kaa naye mbele ya kompyuta. Mwambie akuonyeshe glavu anazozipenda na akueleze kwa nini hizo na si zile. Msikilize hadi mwisho. Kisha muulize wanaongea naye vipi huko ndani. Huenda hilo la pili ndilo alilokuwa akingoja mtu amuulize.

Mungu awabariki.