Kukokota si Kuacha Safari

Baiskeli yetu ilikaa ghalani miaka 15. Tulipoitoa, mnyororo ulikuwa umeshika kutu na mipira imepasuka. Fundi aliitengeneza kwa siku moja. Magoti yetu yalitaka miezi mitatu. Siku ya kwanza tulikwenda kilomita 3 tu, tukarudi tukihema. Kama tungalijipima kwa siku ile, tusingalitoka nyumbani tena.

Lakini nia yetu ilikuwa kutoka Kasulu mpaka Nyabibuye, kwa kupitia Kibondo na Kakonko, mwendo wa zaidi ya kilomita 150 katika nchi ya vilima ya Waha. Basi, kiangazi kilipofika, tukaondoka.

Shida yetu kubwa haikuwa jua wala vumbi, bali haya. Tulipokwisha kuvuka mto Malagarasi, tulikuta mlima. Pumzi zikatuishia, lakini tukaona aibu kushuka mbele ya watu. Tukakazana kukanyaga hata tukayumba, karibu tuanguke. Mbele yetu alikuwapo kijana mwenye mikungu ya ndizi juu ya baiskeli yake, akiikokota pole pole. Akatuamkia, kisha akasema: “Mzee, shuka. Mlimani twakokota, kileleni tutapanda tena.” Tukashuka, tukaenda naye bega kwa bega mpaka juu.

Neno lile tulilitafakari njia nzima. Katika parokia zetu wamo ndugu ambao kwa miaka mingi hawajaonekana Misani. Mmoja alikosa mchango akaona haya. Mwingine ndoa yake iliingia matata. Mwingine alikwenda mjini kutafuta kazi, akaizoea Jumapili isiyo na sala. Wengi wao hawakuikana imani. Wanayaogopa macho yetu, tena wanadhani kwamba yawapasa kurudi kwa mbio, kana kwamba hawakuondoka kamwe. Kwa kuwa mbio hawaziwezi, hawarudi kabisa.

Kwao twasema: shukeni, mkokote. Leo jioni salini Baba Yetu mara moja pamoja na watoto. Kesho mwendeeni padre, mmweleze mambo yalivyo. Penye kuungama mwungame, na penye ndoa ya kutengenezwa mwulizeni njia. Akokotaye bado yu safarini. Aliyeiacha safari ni yule aliyeitupa baiskeli kando ya barabara.

Wala mtu asiseme kwamba miaka yake imekwisha kupotea. Gino Bartali, Mkatoliki wa Italia, alishinda mashindano makuu ya baiskeli ya Ufaransa mwaka 1938. Vita vikamnyang’anya miaka ya nguvu zake. Lakini katika vita hivyo alipeleka kwa baiskeli, kwa siri, hati za kuwaokoa Wayahudi. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 34, wengi wakimhesabu mzee, alishinda tena mashindano yale yale.

Lakini hatuna budi kujihukumu sisi wenyewe tusiokosa kanisani. Ndugu akirudi baada ya miaka kumi, twageuka kumtazama, twanong’onezana: “Leo jua limetokea wapi?” Neno hilo dogo laweza kumrudisha mtu alikotoka, naye asije tena. Yule baba wa Injili hakungoja mwanawe afike mlangoni, wala hakudai kwanza hesabu ya mali. Alimwona angali mbali, akamkimbilia. Na kijana yule wa ndizi hakutucheka, alitembea nasi. Je, ni nani katika jirani zetu anayengoja mtu wa kutembea naye mpaka kileleni?

Tulifika Nyabibuye siku ya nne, jioni, magoti yakiuma na nyuso zimejaa vumbi. Hakuna aliyetuuliza ni milima mingapi tuliipanda na mingapi tuliikokotea baiskeli. Walitupa maji ya kunawa, wakatukaribisha ndani. Na iwe hivyo kwetu Jumapili ijayo, kwa kila atakayerudi.