Noeli Isiwe Mzigo kwa Ndoa Yenu



Siku mliyofunga ndoa mliahidiana uaminifu katika taabu na raha, katika magonjwa na afya. Wengi hulikumbuka neno la magonjwa, wakasahau lile la afya. Mbele ya altare kila mmoja alikabidhiwa pia uzima wa mwenzake, na agano hilo halina likizo ya Desemba.

Twajua jinsi mambo yanavyokwenda. Nauli hupanda, familia inafunga safari kwenda mashambani, mbuzi anachinjwa, soda na bia zinanywewa toka asubuhi. Baba mwenye shinikizo la damu ameacha dawa zake mjini. Mama ameshinda jikoni tangu alfajiri akipikia ukoo mzima, naye anakula wa mwisho, tena akiwa amesimama. Likizo ikiisha wanarudi wamechoka na wamenuniana, na Januari inawangoja na karo.

Je, Kanisa linakataza karamu? La, hasha! Bwana wetu mwenyewe alihudhuria arusi ya Kana, na divai ilipokwisha akafanya ishara yake ya kwanza. Lakini twafundishwa fadhila ya kiasi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2290, yatuonya tuepuke kupita kiasi katika chakula, pombe, tumbaku na dawa. Tena yasema kwamba anayehatarisha maisha barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia nzito. Basi mke anayemzuia mumewe kuendesha gari akiwa amekunywa si mkorofi. Anatimiza ahadi yake.

Kabla ya safari, kaeni pamoja mkaulizane mambo manne. Dawa zetu zitatosha mpaka siku ya kurudi? Ni nani atakayeendesha gari, asionje pombe? Tukishaweka karo kando, tutatumia fedha ngapi? Na mama atapumzika saa ngapi? Hilo la mwisho, akina baba, msilicheke. Mume akichota maji na kumpakulia mkewe mbele ya ndugu zake, hajapunguza heshima yake. Amewafundisha wanawe ndoa ni nini.

Mwenye kisukari asishinde njaa asubuhi ili ale sana mchana, maana anayetumia dawa aweza kuishiwa sukari mwilini akaanguka. Mwenzake amwekee chakula kwa wakati wake, mboga kwa wingi, na maji badala ya soda. Akiwa na neno la kumwonya, amwambie faraghani, asimwaibishe mbele ya wageni.

Siku chache baada ya Noeli Kanisa huadhimisha Familia Takatifu. Jioni hiyo shikaneni mikono, msali pamoja, mkaulizane: "Mwenzangu, u mzima?" Swali hilo ni zawadi isiyonunuliwa dukani.

Mungu awabariki.