Wajukuu Zangu wa Maganzo, Msimfuate Kora

Wajukuu zangu, nimesikia mnakutana usiku. Mnasema mchungaji amezeeka, wazee wa kanisa wamekalia fedha za ujenzi, na Roho anasema na kila mtu, basi ya nini kuongozwa? Hata kiwanja mmeshatafuta, kando ya barabara ya Mwanza.

Kaeni kidogo. Nataka kuwaambia habari za Kora.

Najua mnaikumbuka ile ardhi iliyofunua kinywa. Lakini mwanzo wake, katika Hesabu 16, wengi mmeuruka. Kora hakuwa mtu wa kuokotwa. Baba yake na baba yake Musa walikuwa ndugu, na ukoo wake ndio uliobeba vyombo vitakatifu mabegani jangwani. Heshima alikuwa nayo. Akatamani ya mwenzake.

Na maneno yake yalikuwa matamu! Alisema kusanyiko lote ni takatifu, kwa nini Musa na Haruni wajikweze? Nani angebisha? Wakuu 250 wakamfuata, watu wenye majina yao.

Musa alianguka kifudifudi, kisha akawaambia wangoje asubuhi. Walimu wa Kiyahudi wanasema alitaka wapate usiku mzima wa kujirudi. Akatuma watu wawaite Dathani na Abiramu, wenzake Kora, waje wazungumze. Wakajibu: hatuji.

Hapo ndipo ninapowaogopea, wanangu. Ninyi nanyi mmeitwa kikaoni, mkasema hamji. Anayekataa kuitwa, siku ya shida hukosa wa kumwita.

Dathani na Abiramu walizama ardhini na wake zao na watoto wao. Wale 250 wakaliwa na moto, vyetezo mkononi. Kesho yake watu wakaendelea kunung'unika, tauni ikaua 14,700. Mtoto wa Dathani alikuwa amemkosea nani? Wenye ndugu kwenye maduara ya machimbo ya Geita wanajua: duara likititia halichagui aliyelichimba na aliyeleta chakula. Mkilipasua kanisa, watakaoumia kwanza ni mama zenu, mmoja huku na dada yake kule, hawasalimiani sokoni.

Katika njama ile kulikuwa na mtu wa nne, Oni mwana wa Pelethi. Anatajwa mwanzoni, halafu haonekani tena. Talmudi inasema aliokolewa na mkewe. Mke alimwuliza, akishinda Kora wewe utapata nini? Utabaki mfuasi tu. Akamnywesha divai akalala, naye akaketi mlangoni nywele wazi. Waliokuja kumchukua wakaona haya, wakageuka. Vijana mliooa, wasikilizeni wake zenu.

Sasa msije mkasema babu anatufunga midomo. Novemba 2022 bwawa la majitope la mgodi wa Mwadui lilipopasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za watu, nani angethubutu kuwaambia wenye mashamba wanyamaze? Kulalamika ni haki. Nauliza mnalalamika wapi, saa ngapi, na mbele ya nani.

Someni Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, waliona wananyimwa urithi kwa kuwa baba yao hakuacha mtoto wa kiume. Walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na watu wote. Na angalieni walivyoanza: baba yetu hakuwamo katika kundi la Kora. Walijihadhari kabisa wasije wakafananishwa naye! Musa akalipeleka neno lao kwa Mungu, na Mungu akasema wana haki. Sheria ikabadilika. Wanawake watano, bila fimbo, bila kikao cha usiku.

Nawasihi, fuateni njia ya mabinti hao.

Na huyo kijana mwenye sauti nzuri mnayetaka awe mchungaji wenu, nijibuni neno moja: akikosea, mtampeleka kwa nani? Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu waliohusishwa na kanisa la Paul Mackenzie. Miili ilipita 400, watoto wakiwamo, wengi wakidaiwa kufa kwa kufunga kula. Kesi yenyewe waachieni mahakimu. Mimi nawaonyesha makaburi tu. Kundi lisilo na wa kumwuliza kiongozi wake halijaikimbia enzi ya mtu mmoja, limeihamia.

Wazee nao wana makosa, sikatai. Daftari la ujenzi lingepaswa kusomwa mbele ya waumini tangu zamani, na mkilidai hilo nitakaa upande wenu. Lakini lidaini mchana.

Hesabu 26 inasema wana wa Kora hawakufa. Kizazi chao kikawa cha waimbaji, na Zaburi ya 42 na ya 84 zina jina lao mpaka leo. Kwa hiyo aliyekwisha kuingia kwenye njama bado anaweza kutoka. Toka, mjukuu wangu. Usione haya kutoka.

Jumapili hii baada ya ibada kuna kikao. Njooni na hoja zenu mmeziandika, mwulizeni mchungaji habari za fedha, akiwa ameketi mbele yenu. Kiwanja cha barabarani msikilipie kwanza.