Neno la Mdhamini

Ukitaja tamthiliya ndani ya daladala la Ngaramtoni, wengi watafikiria ile ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, inayorushwa usiku kwenye televisheni. Tamthiliya nyingine, ya kitabu na jukwaa, wataikumbuka kama mtihani: Ngoswe, Kilio Chetu, Orodha. Walizisoma ili wajibu maswali, na wengi wao hawajawahi kuziona zikichezwa na watu wenye jasho.

Kwa hiyo mtu akikuomba umpendekezee tamthiliya mpya, anakuomba kitu kizito kuliko anavyodhani. Nikikupendekezea riwaya ukaichoka, umepoteza jioni mbili na bei ya kitabu. Tamthiliya haisomwi tu. Inataka watu kumi au ishirini wakariri maneno ya mtu mwingine, waache shughuli zao, watafute ukumbi, wapeleke mswada kuombewa kibali, maana tangu mwaka 1976 tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza. Neno langu moja linatumia miezi ya watu wengine. Je, nina haki ya kulitoa kwa kazi ambayo haijapimwa?

Swali hili lilinifikia kupitia kikundi cha vijana wa Sakina. Wako kumi na mmoja: mafundi cherehani, dereva wa bodaboda, wanafunzi wa chuo. Walijua ninasomea fasihi shahada ya uzamili, wakaniomba niwachagulie mchezo. Nilikuwa na machaguo matatu.

La kwanza ni Morani ya Emmanuel Mbogo, iliyochapishwa mwaka 1993. Hii ina mizizi huku kwetu: wengi wanaoisoma huona ndani yake kivuli cha Edward Sokoine, mzaliwa wa Monduli, na vita yake ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi. La pili ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, Mkenya anayeandika leo. Mama anaugua, mumewe ana ulevi wake, na mabinti wanapaswa kuamua nani abebe mzigo. Yeyote aliyewahi kumteremsha mzazi kutoka vijiji vya mlimani kumleta Hospitali ya Mount Meru, huku ndugu wakihesabiana nauli, ataielewa bila kufafanuliwa.

La tatu ni mswada wa dada mmoja niliyesoma naye. Haujachapishwa. Unahusu zamu za maji ya mfereji kwenye miteremko ya Meru, na familia mbili zinazoviziana usiku shambani. Nilipoumaliza sikulala vizuri. Lakini sehemu ya tatu inajikokota, na mwisho wake unahubiri. Zaidi ya yote, mwandishi ni rafiki yangu.

Rafiki mwingine aliniambia najichosha bure: kupendekeza ni maoni tu, watu wazima watajiamulia. Sikubaliani naye. Waliniuliza kwa sababu hawana muda wa kusoma miswada mitatu. Anayeuliza hivyo hataki maoni, anataka dhamana. Kwenye vikoba tunalijua jambo hili vizuri. Ukisimama kumdhamini mwenzako apate mkopo, hakuna anayesema umetoa maoni. Asipolipa, wanakuja kwako.

Kumbe kwa hesabu hiyo ningechagua Morani na kulala usingizi. Kazi ya zamani haina hatari, imeshadhaminiwa na walimu, wachapishaji na miaka. Lakini hapo ndipo nilipokwama. Kila kazi tunayoiita salama leo iliwahi kuwa karatasi tupu ya kijana. Ebrahim Hussein alipochapisha Kinjeketile mwaka 1969 alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu. Kuna watu walioibeba kabla haijawa somo. Tukiwa tunakula matunda ya dhamana ya wenzetu, halafu sisi hatumdhamini yeyote, tunakula mtaji wa kikundi bila kuweka hisa. Hata Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ilipoanza kutolewa mwaka 2023 ilianzia na riwaya na ushairi. Tamthiliya isipopata mtu wa kuisemea, haina mlango mwingine wa kuingilia.

Hata hivyo kuna namna mbaya ya kuisemea: kusema ni nzuri kwa sababu ni ya kwetu, au kwa sababu mwandishi ni kijana. Hiyo ni huruma, na huruma humfanya mwandishi mgonjwa. Pia inamdanganya mtazamaji, ambaye akitoka ukumbini amekereka hatarudi kuangalia ya mwandishi wa pili.

Kinjeketile mwenyewe, yule wa mchezoni, ananisaidia hapa. Anawapa watu maji, watu wanaamini, kisha yeye anaanza kuyatilia shaka wakati neno lake limeshawatoka mikononi na kwenda vitani. Anajaribu kuwazuia, wanamshinda. Mwishoni, akiwa mateka, anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Watu hubishana kama alikuwa shujaa au la. Mimi naona mdhamini ambaye hakukimbia wadai wake. Ila naona pia alichokosa: hakuwaambia watu shaka yake mapema, wakiwa bado wanaweza kuchagua.

Nikawapendekezea mswada wa mfereji. Niliwaambia kwanza kwamba mwandishi ni rafiki yangu. Nikawaambia sehemu ya tatu inajikokota na mwisho unahubiri, na kwamba mwandishi yuko tayari kukaa nao na kukata. Nikawaachia Bembea ya Maisha pembeni, endapo wangeghairi. Na nikasema nitakuja mazoezini kila Jumamosi, kushika mswada na kuwakumbusha waliosahau maneno.

Hilo la mwisho ndilo ninalolishikilia. Tamthiliya mpya inastahili kupendekezwa hata ikiwa na kasoro, mradi kasoro zitajwe kabla watu hawajakubali, na anayependekeza awe na kitu chake kinachoweza kupotea. Jumamosi zangu si nyingi. Lakini ndizo hisa nilizonazo.