Kabla Hujapandisha Bati



Wajukuu zangu, maneno haya ni yenu ninyi mnaojenga sasa, hapa Mvumi Misheni, Mvumi Makulu, Handali, Idifu na Iringa Mvumi, na ya wenzenu waliopata viwanja Dodoma mjini tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016. Kila kiangazi naona nyumba mpya zinasimama, na moyo unafurahi. Ikifika Oktoba nasikia kilio kile kile: ndani hakukaliki, feni inazunguka usiku kucha, uniti zimekwisha kabla mwezi haujafika nusu. Kisha lawama zote zinaenda kwa mita. Mara nyingi mita haina kosa. Nyumba ndiyo inayokula hela, na ilianza kuzila siku ile uliyokubaliana na fundi kuhusu bati na madirisha.

Nimeshika mwiko na pimamaji tangu ujana wangu, kwa hiyo nianze na ninachokijua, nyumba yenyewe.

Wazee wetu waliishi kwenye tembe. Kuta zilikuwa za nguzo na fito zilizokandikwa udongo, na juu kulikuwa na magogo, fito, nyasi, kisha udongo mzito uliosawazishwa. Jua la mchana lilichukua saa nyingi kuupenya udongo ule. Lilipofika ndani, tayari ni usiku, na usiku wa Juni na Julai huku kwetu una baridi ya kutetemesha, kwa hiyo joto lilikuja wakati linapohitajika. Siwaambii mrudi kwenye tembe. Nimelala humo utotoni. Nawajua papasi na homa yao, namjua mchwa, najua giza na moshi wake, na najua mvua ya Januari inavyotafuta njia kwenye paa la udongo. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilipotukusanya vijijini wengi waliyaacha matembe, na polepole bati likawa ndiyo heshima ya mtu. Tukapata paa lisilovuja. Tulichopoteza ni ule unene wa juu, na mahali pake hatukuweka kitu.

Sasa angalieni jua letu. Tuko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na maana yake jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Lile la Machi linatukuta na mawingu na majani mabichi. Lile la Oktoba linatukuta ardhi imekauka, miezi imepita bila tone la mvua, vumbi tupu. Saa sita mchana jua hilo haligusi ukuta wako, linalipiga bati moja kwa moja. Asubuhi linaingia kwa ubavu wa mashariki, na jioni, wakati nyumba imeshachoka na joto la siku nzima, linaingia magharibi. Kuta za kaskazini na kusini ndizo zinazopata nafuu.

Basi kabla fundi hajachomeka vigingi, mwambie urefu wa nyumba ulale mashariki na magharibi. Madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Upande wa magharibi weka stoo, bafu au ukuta mtupu. Jambo hili haliongezi hata shilingi moja kwenye ujenzi, ila likishapita msingi halirekebishiki. Kama kiwanja ni chembamba na barabara imekulazimisha kutazama magharibi, jenga baraza pana upande huo, jua la saa kumi liishie barazani.

Nikija kwenye bati, nina ugomvi nanyi. Kila kijana anataka msauzi, na anataka wa rangi iliyokolea, kijivu cha mkaa au kahawia, kwa sababu ameona mjini. Rangi iliyokolea hunywa jua. Nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Kama hujanunua, nunua rangi ya kufifia. Kama umeshapiga la kukolea au una bati la kawaida lililozeeka, nunua rangi nyeupe ya bati, lisugue kwanza vumbi na kutu liwe safi, likauke, ndipo upake asubuhi kabla halijapata moto. Vumbi la kiangazi litalichafua, nalo litahitaji kuoshwa, hasa Septemba kabla ya joto kubwa. Kuta za nje nazo zipake chokaa. Ni kazi ya siku chache na gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na feni mbili zinazokesha.

Lakini dawa kubwa ya joto la bati ni dari, na hapa ndipo wengi mnapokwamia. Mnasema jipsamu ni ghali, basi mnakaa miaka mitano mkitazamana na kenchi. Dari si lazima iwe jipsamu yenye maua na taa za rangi. Mbao nyembamba au mikeka minene iliyokazwa vizuri kwenye fremu inatosha kukutenga na bati. La msingi ni hewa. Kati ya bati na dari pawe na nafasi, na nafasi hiyo iwe na matundu chini ya mapaa pande zote mbili, yenye wavu wa kuzuia popo na panya, ili upepo wetu wa kiangazi, ambao hauna haya, uisukume nje hewa ya moto. Nimepanda juu ya dari nzuri za gharama ambazo fundi aliziba kila tundu, nikakuta mle ndani ni tanuri, na mwenye nyumba chini anashangaa kwa nini bado anatokwa jasho saa nne usiku. Ila nawaonya: msijaze nyasi kavu juu ya dari kwa kutaka kuzuia joto. Huko ndiko nyaya za umeme zinakopita.

Na yale madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Ni mazuri machoni, lakini dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, nusu nyingine ni kioo kinachokaa palepale. Ukinunua dirisha la mita moja na nusu, hewa unayopata ni ya sentimita sabini na tano. Dirisha la mbawa, la mbao au la chuma, hufunguka lote. Chumba kiwe na tundu la hewa pande mbili zinazokabiliana, hata kama moja ni matofali ya matundu juu ya mlango, maana upepo usio na pa kutokea hauingii.

Sasa twende kwenye mita. Wengi wenu hamjui mko kundi gani, na hilo ndilo linalowatafuna. Katika bei ambazo EWURA, mdhibiti wa bei za umeme, ilizipanga mwaka 2016, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi iko kundi la D1 na inanunua uniti moja kwa shilingi 100. Ongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na 1 ya EWURA, inafika shilingi 122. Uniti ya 76 hainunuliwi tena kwa shilingi 100, inapanda hadi 350 kabla ya makato. Ukizoea kuvuka unahamishiwa T1, shilingi 292, ambayo pamoja na makato inakuwa shilingi 356 na senti kadhaa. Uniti 75 anazonunua jirani yako wa D1 kwa shilingi 9,150, wewe wa T1 unazilipa zaidi ya shilingi 26,700. Umeme ni ule ule, nguzo ni ile ile. Ndiyo maana nawasihi msipangishe vyumba vitatu kwenye mita moja kisha mkashangaa. Wapangaji wakijumlishwa wanawavusha ule mstari wa 75, na baada ya hapo kila mmoja analipa bei ya tajiri.

Kubaki chini ya 75 kunawezekana kabisa kwa familia ya kawaida ya hapa. Chukua balbu tatu za zamani za wati 60, zile za waya unaong'aa, ziwashe saa sita kila usiku, ikiwemo ile ya nje ya ulinzi. Kwa mwezi zimekula uniti 32, karibu nusu ya fungu lako. Weka za LED za wati 9 mahali pale pale, hazifiki uniti 5. Hakuna kitu kingine ndani ya nyumba kinachorudisha fedha yako haraka hivyo. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja ni uniti moja, kwa hiyo piga nguo za wiki kwa mkupuo mmoja badala ya kuipasha moto kila asubuhi kwa shati moja. Friji la mtumba uliloletewa kwa bei poa lina siri yake kwenye mpira wa mlango. Bana kipande cha karatasi mlangoni, ufunge, ukivute. Kikitoka bila kukaza, baridi inatoka hapo usiku na mchana. Mpira ni bei ndogo kuliko uniti utakazozimwaga. Na lisikae limebanwa ukutani, wala kwenye chumba kisicho na dari.

Nawaonyesha na jambo moja ambalo fundi wa kweli wa umeme hulifanya. Kwenye mita yako kuna kitaa chekundu kinachopepesa. Mita nyingi zimeandikwa usoni mipepeso mingapi ni uniti moja. Zima kila kitu ndani, chomoa king'amuzi, sabufa, chaja na friji, lakini uache swichi kuu imewashwa. Kaa mbele ya mita kwa dakika kumi. Kama kitaa kinaendelea kupepesa na hakuna kinachotumia, umeme unavuja mahali fulani, labda kwenye waya uliokatwa vibaya ndani ya ukuta, labda kwenye swichi iliyolowa. Hilo si la kusubiri. Ita fundi mwenye leseni.

Nimesema mwenye leseni kwa makusudi. Vishoka, mafundi wasio na leseni, wamejaa. Kishoka anakuja na bisibisi na maneno matamu, anakuahidi kupitisha nyaya nje ya mita uwe unapata umeme wa bure, au anakufungia nyaya nyembamba ili ubaki na hela ya rangi. Waya mwembamba uliobebeshwa jiko hupata moto ndani ya ukuta bila wewe kujua. Na umeme wa wizi ukikamatwa unalipishwa faini na kufikishwa mahakamani wewe mwenye nyumba. Kishoka anakuwa ameshahama kijiji.

Vilevile msichukue mikopo ya kausha damu ili mnunue kiyoyozi. Nimeona kijana mwenye kazi nzuri akiuza ng'ombe wa baba yake kulipa riba ya kitu ambacho bati jeupe, dari na dirisha la kufunguka vingemwondolea haja yake. Hapa kwetu usiku hupoa wenyewe. Tunachohitaji ni nyumba inayokubali kupoa nao.

Jikoni nako mnapoteza, na hapa nasema na wavulana pia, maana mnapika siku hizi. Jiko la koili la wati 1,500 likichemsha maharage saa mbili limekula uniti 3. Loweka maharage usiku kucha, uyapike kwenye jiko la presha la umeme, utatumia nusu uniti au chini ya hapo. Kwa mtu wa D1 hiyo ni kama shilingi 61, na kwa shilingi 61 hupati hata kopo la mkaa. Serikali mwaka 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama kuni na mkaa ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini bibi zenu wa Idifu bado wako kwenye mafiga matatu, na leo usiku watapika ugali wa uwele na mlenda. Wajengeeni jiko banifu: udongo wa kichuguu, majivu, majani yaliyokatwakatwa, mdomo mmoja wa kuni, sufuria ikae imezama, na bomba la kutoa moshi nje. Inachukua mchana mmoja na mabega ya vijana wawili.

Na kuni zenyewe zina historia hapa Mvumi. Wazee wanakumbuka mwaka 1986, mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulipoamuru mifugo yote iondoke kwa sababu makorongo yalikuwa yanakula mashamba. Yalikuwa maumivu makali kwa Mgogo kuambiwa aachane na ng'ombe wake. Lakini miti ilirudi, yenyewe, kutoka kwenye visiki tulivyodhani vimekufa. Siku hizi shirika la LEAD Foundation linafundisha jambo hilo hilo Dodoma nzima kwa jina la Kisiki Hai, bila kumwondoa mtu wala mfugo: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa cha alama ili mchungaji ajue huo unalindwa. Matawi uliyopogoa ni kuni za bibi yako bila kukata mti. Na ule mti wenyewe, kama umebahatika kuwa na kisiki magharibi mwa kiwanja chako, usimruhusu fundi aung'oe kwa kisingizio cha kusafisha eneo. Ukikosa, panda mwarobaini. Kiangazi hauwi mtupu kama miti yetu mingine. Upande mbali kidogo na msingi, hatua sita hivi, uumwagilie kwa maji ya kuoshea vyombo.

Kuna wanaojiandaa kuchimba msingi mavuno yakishauzwa. Wapitie kwangu kabla ya kuweka vigingi. Twende wote kiwanjani saa kumi jioni, tuone jua linatua wapi, ndipo tumwite fundi.